Kutibu ufa wa boti kuukuu ya faiba: anza na kinachocheza ndani

Kila upepo unapokaribia kugeuka, maswali huwa yaleyale. "Fundi, huu ufa ni wa kuogopa?" "Nitumie poliesta au epoksi?" "Si unipigie puti tu niwahi kaskazi?" Wengi wanaouliza wamenunua boti ya matanga iliyokuwa ya mtu mwingine, futi 20 na kitu, imekaa juani miaka hapa Tanga, pale Sahare au Ras Kazone. Bei ilikuwa nzuri, na sasa wameanza kuona kwa nini. Hatua zote ziko hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Shika jambo moja kabla hujawasha grenda. Faiba haipasuki bure. Nyuma ya ufa kuna kitu kinachocheza, au kilichogongwa, au kilichobebeshwa mzigo kisichouweza. Ukiziba ufa na kukiacha kile kinachocheza, msimu ujao utauona umehamia pembeni ya kiraka chako.

KWANZA, NI UFA GANI?

Jelikoti, ile ngozi ngumu ya juu yenye rangi, kwa kawaida haifiki unene wa milimita moja. Jua huikausha ikakatikakatika. Vinyufa vyembamba vilivyosambaa sitahani, ambavyo ukucha haunasi ukivipitia, mara nyingi ni vya ngozi tu. Hivyo ni vya msasa na rangi, na havihitaji mwongozo huu.

Wasiwasi uanze ukiona haya:

- Ufa ulionyooka sambamba na taruma (ubavu wa ndani wa boti) au ukuta wa ndani.
- Nyufa zinazotawanyika kutoka nukta moja, hasa penye bolti au palipogongwa mwamba.
- Ufa unaozunguka pale mkuku (uti wa chini wa boti) unapokutana na bodi, yaani ganda la boti.
- Nyufa karibu na vyuma vinavyoshika waya za mlingoti.
- Ufa unaotoa majimaji au kutu ilhali boti iko nchi kavu kwa siku kadhaa.

Chukua nyundo ndogo, au hata sarafu, ugongegonge kuanzia mbali ukija kwenye ufa. Faiba nzima hutoa sauti kali, fupi. Iliyoachana matabaka hutoa sauti butu. Chora mpaka wa ule ubutu kwa kalamu ya wino, na usishangae ukikuta eneo ni kubwa mara tatu ya ufa unaouona.

Kisha ondoa jelikoti kidogo juu ya ufa kwa msasa. Faiba nzima iliyosagwa huwa nusu uwazi, rangi ya kijani au asali, mwanga unaingia kidogo ndani yake. Iliyovunjika hugeuka nyeupe kama maziwa. Kama weupe umeishia kwenye ngozi, una bahati, rudi kwenye msasa na rangi. Kama mstari mweupe unaendelea kushuka ndani ya nyuzi, endelea kusoma.

Angalia pia vumbi linalotoka. Likibadilika ghafla likawa unga wa mti, kahawia na wenye unyevu, boti yako ina mbao nyepesi katikati ya matabaka mawili. Hapo lazima ufungue na kuondoa chote kilichooza kabla ya kujenga upya. Na kama bolti za mkuku zimelika, au chini yote inalia butu, tafuta mtu wa kuikagua boti nzima kabla hujatumia pesa kwenye ufa mmoja.

HESABU BAMVUA

Boti yenye mkuku mrefu haipandi pwani siku utakayo. Hapa Tanga, bamvua (maji makubwa ya kujaa na kupwa) huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Ukipandisha bamvua hii, utashusha bamvua ijayo, yaani kama siku 15. Ndani ya siku hizo toa za kukausha, za kusaga na kulaza faiba, halafu wiki nzima ya resini, ile gundi ya poliesta au epoksi, kukomaa. Zinatosha kwa shida. Boti ikiwa imenyonya maji mengi, kubali kuruka bamvua moja.

Bamvua mbili zinazofuatana hazilingani. Ukipandisha kwenye kilele cha bamvua kubwa na inayofuata ikawa ndogo, boti itabaki mchangani inayaangalia maji. Pandisha siku moja au mbili kabla ya kilele.

Kuilaza boti ubavu maji yakipwa, ukapaka faiba kabla hayajarudi, ni kazi ya dharura ya kukufikisha nyumbani. Usiiite matengenezo.

Masika yasikukute umesaga. Mimi napenda Juni hadi Septemba, au Januari na Februari.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Grenda yenye diski ya msasa namba 40, na msasa wa 80, 120 na 220.
- Epoksi ya boti na hadna yake (dawa ya kuikausha), kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Agiza mapema, Dar au Mombasa, usingoje mpaka boti iko juu.
- Kitambaa cha faiba kilichoshonwa, nyuzi zake zikienda mshazari, gramu 600 kwa mita ya mraba.
- Unga wa kukazia epoksi (silika), na unga mwepesi wa kusawazishia. Hizi ni kazi mbili tofauti.
- Mizani ndogo ya jikoni, vikombe vya plastiki visivyo na nta, vijiti, brashi za bei rahisi, rola ndogo ya chuma ya kutolea hewa.
- Asetoni, vitambaa safi vya pamba, nailoni, utepe wa karatasi, turubai la kivuli.
- Barakoa ya vumbi, na barakoa nyingine yenye vichujio vya mvuke. Miwani, glavu nyingi, shati la mikono mirefu.

Kuhusu poliesta au epoksi: boti yako huenda ilijengwa kwa poliesta, na poliesta ni rahisi na inapatikana. Ila kushikamana kwake na faiba iliyokwisha kukauka miaka mingi ni kudogo kuliko epoksi. Kwa ufa wa kubeba mzigo natumia epoksi, sibishani. Ukitumia epoksi usitumie mkeka wa kawaida wa nyuzi zilizokatwakatwa. Gundi inayoushikilia ule mkeka huyeyushwa na stairini iliyo ndani ya poliesta, na epoksi haina stairini. Mkeka hubaki mkavu tumboni.

Ukilazimika kutumia poliesta, hadna yake ni ile ya majimaji iitwayo MEKP. Tone moja likiingia jichoni linaweza kupofusha. Osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepoa. Na kama umeuziwa kobalti (kiharakishi cha poliesta) kando, kamwe usiikutanishe na MEKP peke yake, hulipuka. Kobalti huingia kwenye resini kwanza, ikachanganyika vizuri, ndipo MEKP.

HATUA

1. Osha. Maji matamu na sabuni, nje na ndani, mpaka chumvi iishe. Kisha futa eneo kwa asetoni, kitambaa kipya kila mara. Fanya hivi kabla ya msasa. Ukisaga kwanza, nta na mafuta ya zamani unayasukumia ndani ya mikwaruzo.

2. Tafuta kinachocheza. Hii ndiyo hatua wanayoiruka. Ng'oa mbao za sakafu, toa kila kitu ngamani (chini kabisa tumboni mwa boti), ingia na taa. Mtu mmoja asukume bodi kwa bega kutoka nje, wewe ndani uweke kidole pale taruma linapokutana na bodi. Ukihisi hata kamwendo kadogo, au ukiona mstari mweusi wa uchafu kwenye mshono, umepata chanzo: faiba iliyokuwa inalishika taruma imeachia, bodi inapumua kila wimbi, na mwisho ikakatika. Kwenye sitaha angalia chini ya vyuma vya waya za mlingoti na chini ya kikalio cha mlingoti. Mara nyingi utakuta bolti imekazwa kwa washa ndogo tu, bila bamba la kusambaza mzigo. Usiiguse nje mpaka umejua ndani kuna nini.

3. Egemeza boti vizuri. Uzito ukae kwenye mkuku, magogo ya pembeni yaizuie tu isilale, na kila gogo likae mkabala na taruma au ukuta wa ndani. Gogo likisukuma katikati ya bodi tupu litaibonyeza, nawe utakigandisha kile kibonyeo humo kwa epoksi. Pitisha ubao mrefu mwembamba juu ya ufa. Kama bodi imeingia ndani, isukume irudi kwenye umbo lake kwa jeki kutoka ndani, taratibu, uiache hapo mpaka kazi iishe.

4. Saga ufa. Fuata weupe mpaka uishe, chini na kwenye ncha zote mbili. Ufa wa kuonekana wa sentimita 15 unaweza kuishia 25. Vaa barakoa na mikono mirefu, paka poda ya mtoto mikononi ili nyuzi zisishike. Zikishakuingia, oga kwa maji ya baridi kwanza.

5. Tengeneza mteremko. Hapa ndipo nguvu ya kiraka ilipo. Kwa kila milimita moja ya unene wa bodi, mteremko uende milimita 12 kila upande. Bodi ya milimita 8 inataka karibu sentimita 10 kila upande. Maana yake ufa wa sentimita 20 unageuka kuwa sahani pana ya sentimita 40 kwa 20. Wenye boti hushtuka, wengine hudhani fundi anaiharibu makusudi. Lakini resini hushika kwa eneo. Ukijaza mfereji mwembamba, hata kwa epoksi ya bei mbaya, umetengeneza kizibo kinachosubiri kutoka. Pembe zote ziwe za mviringo, kona kali huzaa ufa mpya.

6. Kausha. Funika kwa turubai lililo juu, hewa ipite pembeni. Kuwa na subira: unyevu wa pwani yetu haukupi faiba kavu kwa siku moja ya jua. Bandika kipande cha nailoni juu ya eneo, ukizibe pande zote kwa utepe, ukiache usiku mzima. Asubuhi ukikuta umande upande wa ndani, bado. Ukisikia harufu kali ya siki, au majimaji yanayoteleza vidoleni, chumvi na tindikali bado zimo. Rudia kuosha kwa maji matamu na kukausha, mara kadhaa ikibidi.

7. Weka kiegemeo cha nyuma. Kama ufa haukutoboka, matabaka ya ndani yaliyobaki mazima yanatosha kuwa ukuta. Kama umetoboka, kunja plaiwudi nyembamba ifuate umbo la bodi, ifunike nailoni isishikane, ikaze kwa vijiti kutoka upande wa pili.

8. Kata vitambaa vyote kabla ya kuchanganya chochote. Tabaka moja la gramu 600 likilowa epoksi hutoa karibu milimita 0.75, kwa hiyo milimita 8 ni kama matabaka 11. Kata kubwa mpaka dogo, yape namba, yapange kwa zamu juu ya nailoni. Kwa mfano wetu, kitambaa chote ni kama robo kilo, na epoksi uzito uleule, ongeza nusu yake kwa inayobaki vikombeni.

9. Changanya kwa mizani. Kipimo cha hadna ya epoksi ni cha mtengenezaji. Usiongeze ili ikauke haraka, haitakauka haraka, itabaki laini daima. Angalia kama kipimo kwenye kopo ni cha uzito au cha ujazo, havilingani. Koroga dakika mbili kamili ukikwangua pembe za kikombe. MEKP ya poliesta ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, na kwa joto letu kaa karibu na 1. Changanya kidogokidogo, kisha mimina kwenye trei pana. Epoksi iliyorundikana kikombeni hujichemsha yenyewe, hutoa moshi, huyeyusha plastiki. Ikianza kuwa moto itoe nje uiweke mchangani, mbali na matambara ya asetoni.

10. Laza. Anza saa tatu asubuhi umande ukiisha, chini ya kivuli, umalize kabla ya saa kumi ili umande wa jioni usikute resini mbichi. Paka epoksi tupu kwanza, halafu tabaka jembamba la epoksi iliyokazwa kwa silika ili kujaza vishimo. Kisha kitambaa. Mimi huanza na kikubwa kuliko vyote, kinachogusa mteremko mzima, halafu vidogo juu yake. Wapo wanaoanza na kidogo, lakini ukianza hivyo msasa wa mwisho unakata kingo za tabaka lile lile lililofunika yote. Geuza mwelekeo wa nyuzi kila tabaka. Lowesha mpaka weupe wa kitambaa upotee, pitisha rola kutoka katikati kwenda nje, na resini inayoelea uiondoe. Kwa joto la nyuzi 30 usilaze zaidi ya matabaka matatu au manne kwa mkupuo. Subiri ipoe na ianze kunata bila kuchafua kidole, uendelee. Ikishakauka kabisa usiku, osha kwa maji na brashi ngumu kuondoa utelezi unaofanana na nta, kausha, kwaruza kwa msasa wa 80, ndipo tabaka linalofuata.

11. Rudi ndani. Saga pande zote mbili za taruma lililoachia. Kona kati yake na bodi ijaze epoksi iliyokazwa, uivute kwa mgongo wa kijiko iwe na mviringo wa kama sentimita 1. Kitambaa hakipendi kona kali, huinuka na kuacha hewa. Laza matabaka matatu au zaidi, kila moja lipite lile la chini kwa upana, ili mzigo ushuke polepole badala ya kuishia kwenye mstari mmoja. Penye bolti bila bamba, weka bamba. Hii ndiyo kazi yenyewe, kile kiraka cha nje ni matokeo yake.

12. Malizia. Sawazisha kwa epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi, juu ya faiba iliyokomaa tu, usiutumie kamwe kujazia ufa wenyewe. Puti ya magari usiipeleke chini ya mstari wa maji: hunywa maji, huvimba, hubanduka. Msasa 120, kisha 220, halafu praima na rangi. Epoksi haivumilii jua, isiachwe uchi. Jelikoti ya poliesta juu ya epoksi haina uhakika wa kushika au kukauka, rangi ya boti inatosha. Ipe siku 7 kabla ya kuibebesha maji na mlingoti uliokazwa.

KIKIHARIBIKA

Epoksi inanata baada ya siku mbili. Kipimo kilikosewa au haikukorogwa. Hakuna dawa ya kupaka juu yake. Kwangua yote, futa kwa asetoni, anza upya. Ni kazi chafu, na ni bora uifanye leo.

Poliesta ya juu inanata, chini ni ngumu. Hewa imeizuia. Tabaka la mwisho linataka resini yenye nta, au nailoni ilazwe juu yake mpaka ikauke.

Madoa meupe ndani ya kiraka. Ni hewa au kitambaa kikavu. Doa dogo la ukubwa wa ukucha, toboa kwa keekee pande mbili, ingiza epoksi kwa sindano. Likiwa kubwa, saga ulaze tena.

Utando mweupe, wenye ukungu. Umande au mvua imegusa resini mbichi. Osha, kausha, saga mpaka uone faiba ya uwazi.

Kiraka kilichemka na kupinda. Ulilaza matabaka mengi mno kwa mara moja. Gonga usikilize. Kikilia butu kimeachana na bodi, kinatoka.

Ufa umerudi palepale baada ya safari za kwanza. Resini usiilaumu, rudi hatua ya 2. Ukiwa umerudi kwenye mshono wa mkuku hasa, usiende tena Pangani wala nje ya kisiwa cha Toten. Pandisha boti, mwaga maji ya ngama, ukaze bolti za mkuku moja moja kwa spana huku mtu mwingine akiangalia mshono kwa nje. Mshono ukifunga kwa kukaza, bolti zilikuwa zimelegea. Bolti ikizunguka bila kukaza, au nati ikivunjika mkononi, ing'oe uione ilivyolika kabla hujafikiria faiba.